Kijumba cha Miezi Mitatu

Fundi aliandika kwenye karatasi:
kijumba cha kiangazi, mbao za msonobari,
mita tatu kwa mbili na nusu, madirisha manne.
Endel akasoma mara mbili, akavua miwani.
"Kiangazi chetu ni miezi mitatu," akasema,
"na mmoja kati ya hiyo ni mvua.
Unataka kulipia nyumba ya wiki nane?"

Nilikuwa nimeshalipa.

Julai utomvu ulininukia hadi kwenye nywele.
Usiku mbao zilialika, ka, ka,
kama vidole vya mtu aliyetoka safari.
Nilikaa mlangoni nikimenya njegere;
mtaa wetu wenyewe unaitwa Njegere,
wa jirani ni Viazi, na watu wa Tartu
hutucheka kwamba tunaishi ndani ya supu.
Saa nne za usiku jua bado limeegemea
paa la Salme, halitaki kwenda kulala.

Agosti nyigu wakahamia. Kodi ya pango
walinilipa kwa mwiba mmoja, shingoni.

Septemba Endel akaja na turubai.
"Tukifunike sasa, kama mashua."
Nikasema, ngoja matofaa yaishe.
Matofaa yakaisha. Nikasema, ngoja majani.
Majani yakaisha, hata ya mwaloni,
yale yasiyojua kuaga.
Nikasema, turubai lina tundu.
Halikuwa na tundu.
Nilikwenda nikalitoboa.

Mvua ya Oktoba juu ya mbao si kelele:
ni mtu anachambua mchele chumba cha pili
na hana haraka.

Novemba hatuna cha kumwonyesha mgeni.
Saa kumi alasiri giza limeshabisha hodi.
Niliwasha mshumaa mmoja ndani ya gudulia,
vioo vikanirudishia minne.

Theluji ilipokuja nilivaa makoti mawili,
nikapasha jiwe kwenye oveni, nikalifunga taulo,
nikalibeba kifuani kama mtoto mchanga
hatua thelathini na moja, toka jikoni hadi kule,
nikaweka miguu juu yake.
"Unafuata nini?" Endel aliuliza dirishani.
Ningemjibu nini? Nyumbani kuna saa ya ukutani,
kuna bili ya umeme, kuna simu ya Rait
anayetaka tuuze, tuhamie ghorofani kwake Tallinn,
kwenye lifti. Kule kuna mbao, na mimi,
na shomoro watatu wanaogombana.

Januari homa ikanilaza siku tisa.
Siku ya kumi nikajifunga shali, nikatoka
nikitegemea theluji nzima, isiyokanyagwa.
Nikakuta njia.
Nyayo kubwa, ule wa kushoto ukiburura kidogo,
tangu wamfanyie upasuaji wa nyonga.
Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi,
mpaka theluji imekuwa ngumu kama sakafu.

Ndani: penseli fupi, fumbo la maneno
alilojaza vibaya, herufi zikisukumana.
Mto wa kiti uliopotea tangu Krismasi.
Kila ufa wa madirisha umezibwa kwa kitambaa cha sufu,
kimekatwa sawasawa, kimepigiliwa misumari midogo
na mtu aliyechukua muda wake.
Kikombe. Nilikishika.
Kahawa haikuwa imeganda bado.

Jioni, bila kuulizwa, akanena na supu yake:
"Nilikwenda kuangalia bawaba. Zinalia."
"Hali ya hewa hii," nikasema, "lazima zilie."

Kesho yake nilibeba vikombe viwili.

Sasa ni Machi. Matone yanadondoka kutoka ukingo wa paa,
Salme anapiga zulia lake uani,
turubai lenye tundu linafunika kuni.
Tunakaa, magoti yakikaribia kugusana,
maana mita mbili na nusu si nyingi.
Hatuzungumzi sana. Ananiuliza mto wa Siberia,
herufi nne, namwambia Lena, anaandika Neva.

Bawaba bado zinalia.
Hajazitia mafuta, nami simkumbushi.
Anayetangulia anaposikia kilio kile
husogeza jiwe kidogo, miguu minne itoshe.